Humo Hakuna Mtu

Mama, shikamoo. Huku Newala ni ukungu na baridi, mwanangu mdogo kanilalia mgongoni tangu asubuhi. Nimechoka, lakini nacheka peke yangu.

Jana tulicheza ngoma ya watoto kutoka jandoni. Alikuwepo mgeni, mzee Mfaransa, mwigizaji. Lipiko, mzimu wetu wa kinyago, alipomaliza kucheza, mzee akamwendea amvue kinyago ampe mkono, maana kwao mchezo ukiisha mwigizaji huonyesha uso. Ngoma zikanyamaza. Wazee wakasimama kwa hasira. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikamshika mkono: "Babu, rudi ukae. Humo hakuna mtu."

Mwenyeji wake akamtafsiria. Mzee akanitazama, akasema, "Mwanangu, jukwaani nimekuwa mfalme, padri, mwizi. Kwenye filamu nimekufa hata nimesahau mara ngapi. Watu wakanisifu, lakini wote walijua ni mimi. Huyu kanishinda." Akamwinamia lipiko, akarudi kukaa. Wazee wakacheka, ngoma zikalia tena.

Nawakumbuka mno hapo Mkomaindo. Nibusie Zawadi wangu, na akishika tumbo asubuhi ili asiende shule, mwambie mama yake kasema humo hakuna ugonjwa.

Mwanao,
Mama Zawadi