Mlango wa Jikoni Kanisani

Dada Verlene,

Mapichi yameiva mapema, na goti langu bado linalalamika. Wamekuja kanisani kwetu, hapa Alabama, kupiga filamu ya maisha ya marehemu Mchungaji Tolliver. Humo anainuka mwenyewe mbele ya waumini kuongoza maandamano ya kudai haki zetu. Mama hayumo kabisa. Mimi wameniketisha kwenye benchi, niigize muumini.

Nikamwambia mwongozaji, "Mwanangu, siku ile alijificha jikoni na sahani ya kuku wa kukaanga. Mama yetu ndiye aliyemtoa."

"Bibi, wewe kaa tu, umtazame shujaa."

Walirudia kupiga tukio hilo mara tisa. Mara zote tisa niligeukia mlango wa jikoni, mpaka wakachoka, wakaliacha hivyo hivyo. Ukiiona filamu, tafuta kikongwe aliyewapa wenzake kisogo. Ujue anamsubiri Mama.

Mdogo wako mbishi,
Ozella