Kitanda cha Mtu wa Tatu Chumbani Mwetu

Halafu kile kicheko chako, Dani, bibi yangu, uliposema umetuchagulia hoteli hii ya fungate karibu na uwanja wa ndege wa Homa Bay, kilinitia shaka. Chumba ni kizuri ajabu! Lakini kando ya kitanda chetu kuna kitanda kidogo cha mtoto, kimetandikwa, neti imeshushwa. Nikamkazia macho mume wangu mpenzi.

“Ochieng', una mtoto hujaniambia?”

Akaapa huku jasho likimtoka. Nikamwita mhudumu.

“Madam, aliyepiga simu alisema mko watatu. Mtoto anaitwa Akoth.”

Akoth! Dani, umeshampa jina lako kitukuu ambaye hata hajaja? Ochieng' amecheka mpaka akaketi sakafuni. Nampenda zaidi.

Tutakuja kwako Asumbi kabla mwezi haujaisha. Usinikague tumbo.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Adhiambo