Mama, Walikuzika Bila Kukuosha

Mama,

Amani ya Mola ikufikie huko uliko. Nimekaa barazani kwako hapa Siyu, nimetoka sasa hivi kumsikiliza yule Bwana Afisa wa afya, na nisipokwambia wewe nitapasuka.

Wewe hukumuona, lakini yeye ndiye aliyekuzika. Ulipofia hospitali kule Lamu, siku zile za korona, alikuteremsha gatini Mtangawanda ndani ya mfuko wa plastiki, yeye na wanaume waliovaa mavazi meupe kama wanaokwenda kupuliza dawa ya mende. Sisi wanao tukaambiwa tusimame mbali. Nilikuwa nimeishika sanda uliyojikatia mwenyewe, ile uliyoitia udi.

Wewe, Mama. Wewe uliyewaosha wanawake wa Siyu maisha yako yote, ukitugombeza sisi wasaidizi wako: "Mai haya ni baridi, yapasheni moto. Huyu ni mtu."

Maalim alimwomba kwa adabu. Kama maji hayawezekani, basi utayamamishwe, upakwe mchanga safi badala ya maji, juu ya huo mfuko, kwa mkono wenye glavu. Afisa akatazama saa yake. "Sheria ni sheria, Maalim. Sina muda wa mila."

Mila. Haki ya maiti, yeye akaiita mila.

Wakakutia kaburini mbio mbio, kama watu wanaoficha kitu cha wizi. Majibu ya kipimo chako hatujaletewa hadi leo.

Usidhani nabishana na ugonjwa. Ulikuwa kweli, na niliuogopa. Nilivaa barakoa hata jikoni. Wangesema maiti yeyote haoshwi, tajiri wala maskini, ningelia nikanyamaza. Lakini haukupita muda akafa baba yake mheshimiwa mmoja. Huyo akaoshwa. Akasaliwa na umati, watu bega kwa bega, na Bwana Afisa safu ya mbele, barakoa iko kidevuni. Kumbe virusi navyo vinajua vyeo vya watu.

Sasa amestaafu, anataka kura. Leo amekuja na leso za kugawa na shati lililopigwa pasi likasimama. Akatwambia yeye ndiye aliyetuokoa wakati wa janga. Nikanyanyuka.

"Bwana, mamangu alioshwa?"

Akacheka kidogo. "Bibi, hayo yamepita. Tusitoneshe vidonda."

"Sikuuliza kama yamepita. Nimeuliza kama alioshwa."

Akamtazama msaidizi wake, kana kwamba jibu limo mfukoni mwa yule. Kisha akasema yeye alifuata amri tu. Nikamuuliza, na siku ya baba wa mheshimiwa amri hiyo ilikuwa imekwenda wapi? Hapo ndipo alipokumbuka kuwa maji yanakupwa na boti lake litakwama.

Bi Khadija, shoga yako, aliikunja leso yake akamrudishia mkononi. Wengine walikwenda na zao, nami siwalaumu. Leso ni leso. Yangu nimemtandikia paka.

Nimerudi nyumbani nikaja moja kwa moja kwako, Mama. Simwogopi. Mtu mdogo namna ile, na ndiye aliyekuwa na uwezo wa kunizuia nisikuguse uso. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau. Nilitaka kukugusa uso tu.

Basi nakuaga. Mola akutwahirishe kwa rehema zake, kwa yale ambayo waja wake walikunyima. Huyu bwana atarudi, maana kura hazijapigwa, na akirudi atanikuta nimekaa mbele. Akishinda nitamfuata ofisini. Akishindwa nitamsimamisha ndiani akipita. Nitamuuliza swali lile lile, hadi aseme kwa kinywa chake, mbele za watu wa Siyu, kwamba hukuoshwa.

Mwanao,
Maimuna