Musyimi, Ingia Wodini

Kitui mjini,
21 Agosti 2025

Kwako ndugu yangu Musyimi,

"Baba mwenye heshima haulizi habari za mwili wa binti yake." Maneno hayo ni yako. Uliyasema Jumapili mbele ya ushirika wa wanaume hapo Kikima, katika somo lako la kuwashauri akina baba juu ya kulea mabinti, na mtu akanitumia sauti yako kwa simu. Nimesikia hata makofi. Nakujibu: ni uongo. Tena uliusema siku tatu tu baada ya binti yako mwenyewe kupasuliwa tumbo kwa ajili ya uongo huohuo.

Sasa nikusalimu, maana mama yetu alitulazimisha kusalimiana hata tukiwa tumetoka kupigana. Hujambo? Kifua kimepoa? Baridi ya milima hiyo ya Mbooni imepungua? Sisi huku tu wazima, ila vumbi. Mke wangu Kalekye anakusalimu. Aliniambia nile kwanza ndipo nikuandikie, nisije nikakutukana. Nimekula, na hasira iko palepale.

Juzi nilipotoka kumwona Mumbua hospitalini, nilikaa na Salama, yule mama muuza vitambaa ambaye watu wa ushirika wako humwita "yule Mwislamu" kana kwamba hana jina. Amenieleza yote. Alhamisi ile alipita kwako kununua maparachichi, akamkuta Mumbua amepiga magoti chini ya mti, kreti iko kando, meno ameyauma. Salama alidhani ameumwa na nyoka. Mtoto akamwomba amwache amalize kujaza kreti, baba asijue. Salama akamjibu kwamba baba atajua leo, apende asipende, kisha akasimamisha pikapu ya Ndululu, yule mnunuzi wa maparachichi, wakampakia.

Ulifika hospitalini, hilo sikunyimi. Lakini nesi alipokuuliza binti aliona hedhi mara ya mwisho lini, wewe mzee wa kanisa unayeweza kuhubiri saa nzima bila kunywa maji, uliangalia dari ukasema aulizwe mama huyu. Salama anasema alikujibu papo hapo: yeye amejua habari za mtoto huyu tangu asubuhi, wewe umekaa naye miaka kumi na sita. Ukatia sahihi karatasi bila kuisoma, ukatoka nje.

Na nje ndiko uliko hadi leo. Kila siku unaleta uji kwenye thamosi, unampa nesi mlangoni, unakaa kwenye benchi la varandani, saa za kuona wagonjwa zikiisha unarudi Kikima. Mumbua anakusikia ukikohoa. Ameniuliza amekukosea nini.

Najua utaniambia nthoni. Utasema hiyo ndiyo heshima yetu Wakamba, baba na binti aliyekua wana mipaka yao. Nimesoma vitabu vingi kukushinda, na nimewasikiliza wazee wengi kukushinda pia, kwa hiyo usinifundishe nthoni. Nthoni ilikuwa na watu wake. Baba alinyamaza kwa sababu nyanya alikuwapo, shangazi alikuwapo, boma lilikuwa na wanawake ambao kazi yao ilikuwa kuuliza. Mkeo Muthoki alipofariki, Mumbua akiwa na miaka kumi na mmoja, nyumba ilibaki na ninyi wawili tu. Watu wa kuuliza waliondoka, wewe ukabaki umekumbatia kunyamaza. Uliweka noti ya mia mbili juu ya kabati kila mwezi, hukusema ni ya nini, ukaona umelea.

Ng'ombe wako akipitisha siku zake bila kutafuta dume, unampigia daktari wa mifugo na kumweleza kila kitu, rangi na harufu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Hapo nthoni huwa umeiweka wapi?

Halafu unamwita mtoto huyo "mwaitu", mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yetu. Mama yetu alipovimba miguu ulimbeba mgongoni hadi zahanati. Ulimwosha vidonda kwa mikono yako, nilikuona. Hukumpelekea uji mlangoni ukakimbia. Kama Mumbua ni mwaitu kweli, mbona hustahimili hata kumtazama akiwa amelala?

Kwa kuwa hukubaki kumsikiliza daktari, nakuandikia alichoniambia. Mumbua alikuwa na uvimbe kwenye ovari moja. Alikuwa na maumivu miezi mitano. Uvimbe ulikua, ukaisokota ovari ile, damu ikakatika, ikafa. Wameitoa. Moja imebaki na ni nzima, anaweza kuzaa siku moja akitaka. Nilimuuliza daktari kama ingeweza kuokolewa. Akasema angeletwa Juni, huenda wangetoa uvimbe peke yake.

Hapa, Musyimi, kalamu yangu imesimama tangu asubuhi. Nimekuita mwongo, na bado nakuita hivyo. Lakini kuna jambo ambalo Mumbua hajakuambia, na hatakuambia, kwa sababu ananisitiri mimi.

Juni, shule ilipofungwa siku chache katikati ya muhula, alipita kwenye duka langu la vitabu kabla ya kuja kwenu. Aliketi kwenye kiti cha wateja karibu saa nzima, akipekua vitabu asivyovisoma. Kisha akaniambia, "Baba mkubwa, tumbo linaniuma hata siku ambazo si zangu." Alisema wazi, kwa Kiswahili cha shuleni, kwa sababu kwa Kikamba asingeweza. Na mimi, Nthiwa, ninayegombana na wachungaji kwenye magazeti juu ya haki za wasichana, nilihisi uso unawaka. Nilifungua droo nikampa vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Nikamwambia hayo ni ya wanawake, amtafute Kalekye. Kalekye alikuwa Mwingi kwa matanga, na nilijua. Mtoto akasema asante, akaondoka. Sikumuuliza tena. Sikumwambia hata mke wangu mpaka jana, naye tangu hapo hanisemeshi ila kwa habari ya chakula na salamu zako.

Wewe hukuambiwa. Mimi niliambiwa. Nimemwomba Mumbua msamaha. Aligeukia ukutani. Sasa unajua hasira hii inatoka wapi, na si yote ni yako.

Msalimie Mzee Mbuvi, mwenyekiti wa ushirika, umpe nakala ya barua hii aisome mbele ya wote, na sehemu yangu asiiruke. Mshukuru Salama, kwa jina lake.

Jumatano saa tatu asubuhi daktari atamwona Mumbua. Musyimi, ingia wodini, uketi, umuulize yeye mwenyewe kama anataka uwepo daktari akisema naye. Akikataa, toka, lakini safari hii uwe umetolewa na yeye. Na ninyi wanaume wa Kikima mliopiga makofi: leo hii, kabla ya kulala, kila mmoja amuulize binti yake kama anaumwa, kisha anyamaze mpaka amalize kujibu.

Ndugu yako,
Nthiwa