Kompyuta Inazimika, Nawe Uko Tunduru

…na hapo ndipo simu ilipokatika, mume wangu, nikabaki naiambia sebule kwamba kompyuta imezimika tena. Najua ulishuka kwa bodaboda mpaka mjini kutafuta mtandao ili usikie maneno matamu, nami nikakupokea na habari za mashine. Maneno matamu ninayo, tena mengi mpaka yananikaba. Ila mashine ile ndiyo ilikuwa nauli yangu ya kuja kwako, na hukukaa hewani mpaka nifike hapo. Basi nakuandikia, dereva wenu akija kuchukua nyaya nitampa barua hii. Mtu anajenga minara ya simu, na mkewe hampati kwenye simu!

Ilikuwa hivi. Mwalimu Neema wa shule ya msingi hapa jirani alinipa mitihani ya darasa la sita niichape. Kazi yangu ya kwanza, tangu siku ile ulipoiweka kompyuta pale dirishani ukanivutia kiti ukasema, "Karibu ofisini, bosi." Nilijua nikiikabidhi Ijumaa, malipo yake nakata tiketi ya Tunduru. Nisipoikabidhi, inaenda kwa mwenye steshenari kule barabarani, nami nikungoje mpaka mnara uishe. Na mnara wenu unaisha lini? Hata nyie wenyewe hamjui.

Unaikumbuka ile wiki yetu baada ya harusi? Tulikuwa tunaangalia picha zetu kwenye kompyuta hiyohiyo, umeme ukakatika, nikaruka nikakushika shingo. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Huo umeme tu, mke wangu. Mimi nipo." Nami nikakuamini, mpenzi wangu, kana kwamba gari la kazini halikuwa linakuja kukuchukua.

Safari hii umeme ulikuwepo. Taa inawaka, friji inaunguruma, kompyuta peke yake inakata kauli. Kioo cheusi, na hesabu za sehemu nilizochapa asubuhi nzima zimekwenda nayo. Nikajifunza kuhifadhi kila nikimaliza swali. Lakini lililoniumiza zaidi ni ule ukimya wa feni. Ikishanyamaza ndipo naona nyumba hii ilivyo kubwa, vyumba vyenyewe viwili.

Mama Zawadi wa nyumba ya pili alinikuta nimeiinamia.

"Bibi harusi, bwana'ko kakuachia kompyuta au kakuachia jini?"

"Kompyuta, Mama Zawadi. Inajizima tu yenyewe."

"Imeona mwenye nyumba kaondoka, na yenyewe inataka kumfuata. Nyie mnapendana mpaka vyombo vinaugua!"

Nilicheka sana. Akasema anaenda kuinjika maharage, nikamwuliza hili na lile ili asiende. Akaenda.

Nikafanya kama ulivyofanya pasi yetu ilipogoma, kuanza na kilicho rahisi. Nikaichomoa kwenye ekstensheni, nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Ikazimika. Nikaazima waya wa jiko la wali la Mama Zawadi, maana unaingia vilevile. Ikazimika, na Mama Zawadi akautaka waya wake apike. Nikamfuata fundi wa simu pale kituoni. Hata jina la ugonjwa hakuniacha nimalize: "Pawasaplai hiyo, kile kigawa umeme cha ndani, imekufa, sista. Nunua nyingine." Kununua nyingine ni kuila nauli kabla sijaipata. Nilirudi nyumbani hapa Bunju, njia nzima nakuaga moyoni, maana safari niliiona imekufa.

Ila nilianza kuichunguza. Asubuhi ilikuwa inavumilia. Mchana, jua likishaingia dirishani, haimalizi ukurasa. Nikiiwasha palepale inazimika upesi zaidi. Nikiiacha ipumzike, inadumu kidogo. Nikaukumbuka mkono wako, mume wangu, ulivyousogeza, kwa nyuma ya kiganja, kwenye pasi ile, taratibu, kama unavyonigusa shavu. "Mguse kwanza, atakwambia anaumwa wapi." Nikaligusa boksi la kompyuta. Lilikuwa la moto kama chungu!

Sasa nikwambie lilikuwa limevaa nini, ucheke. Ulipokuwa mlangoni na begi lako begani, ulisema, "Vumbi la huku lisiingie kwenye mashine." Nami nilivyokuwa nalia, nikalishika neno lako kuliko ulivyolitaka. Nilichukua vile vitambaa vya maua ya waridi alivyonifumia shangazi, nikalivalisha boksi lote, mbele na nyuma, nikabana na pini pembeni. Halafu nikalisukuma mpaka likaegemea ukuta. Lilipendeza, wallahi! Kumbe matundu yote ya kutolea joto nimeyaziba, na kila likizidiwa linajizima lisije likaungua.

Nikachomoa umeme, nikafungua ubavu wake. Feni ilikuwa imejaa vumbi na nyuzi za waridi. Sikuwa na brashi, nikatoa ile ya poda niliyopambiwa siku ya harusi, nikasafisha panga moja moja huku nakusimulia kana kwamba umekaa kitandani. Meza nikaisogeza mbali na jua la dirishani. Vitambaa viko kwenye makochi sasa.

Haijazimika tena. Ijumaa nilimpelekea Mwalimu Neema mitihani yake yote. Aliikagua, akanikagua na mimi.

"Mbona umekonda hivi, mwari wetu? Unakula kweli?"

"Nakula, mwalimu."

Napika, mume wangu. Napika cha watu wawili, kwa sababu sijui bado kipimo cha mtu mmoja na sitaki kukijua.

Jambo moja sikulitegemea. Jioni ile niliyoisafisha, kompyuta ilipowaka mfululizo mpaka giza likaingia, niligeuka kukwambia, "Umeona?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wakati inazimikazimika, angalau nilikuwa na wa kugombana naye. Ilipopona, nilikaa pale nimeshinda, na hakuna wa kumwonyesha. Niliiacha iwake tu, feni ilie, nikaegemeza kichwa mezani.

Ulisema nisije, kwamba mnalala watatu chumba kimoja na hakuna pa kumweka mgeni. Mimi si mgeni. Waambie wenzako waanze kutafuta pa kulala, kwa sababu malipo nimeshapokea na begi liko wazi kitandani, upande wako. Nitapandia basi Mbagala, alfajiri. Mwezi huu hautaisha kabla hujanikuta nimekaa chini ya mnara wako, nakungoja ushuke.

Mkeo, ambaye bado anaitikia kwa aibu akiitwa mke.