Nimekataa Unesi wa Televisheni, Mama Ameshashukuru Kanisani

Shangazi Losa mpendwa, nakuandikia nikiwa na furaha na furaha hiyo ndiyo inayoniponza, kwa hiyo naomba uniokoe kabla Jumapili haijafika.

Mimi ni mwigizaji, mzaliwa wa hapa Māngere, wazazi wangu walihamia huku kutoka visiwa vya Samoa, na mwaka huu niliigiza majuma machache kama nesi kwenye tamthilia moja ya kila jioni, basi watayarishaji wakanipenda wakasema wananipa nafasi ya kudumu, mkataba wa miaka mitatu, nami nikaomba muda wa kufikiri, lakini nilipomtajia mama tu hakusubiri, Jumapili akasimama mbele ya kina mama na kofia yake nyeupe akatoa shukrani, mchungaji akauombea mkataba ambao sijausaini, na kwenye chakula cha mchana mama wadogo wakanijazia sahani ya sapasui, zile tambi zetu za nyama, wakisema, "Kula, nesi wetu, kamera inapenda mashavu." Kesho yake nikaikataa kazi.

Sikukataa kwa kiburi, Shangazi. Pale tunarekodi vipande vingi kwa siku, ukikosea kidogo wanapita tu maana saa inakimbia, na mkataba unasema wao ndio wenye kauli juu ya muda wangu, filamu ikija lazima waniruhusu kwanza, na nimemwona mwenzangu aliyekaa humo miaka mingi, maskini, kila akienda kuomba nafasi kwenye filamu anaambiwa watazamaji watamwona daktari yule yule. Halafu kuna Tavita, mwongozaji, ana filamu ndogo ya Kisamoa mwanzo hadi mwisho, malipo ya kubahatisha, mhusika mkuu ni mimi, niliisoma skripti nikalia, nikakubali. Tangu hapo nalala usingizi mtamu. Ila mama bado anapokea pongezi kila Jumapili, na juzi kaniuliza, "Sieni, mbona hawakuiti kazini?" nikamjibu, "Bado wanajenga hospitali, mama." Nimwambieje bila kumwaibisha?

Sieni, Māngere

Sieni, hapo kwenye kujenga hospitali nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba mama yako hajui kama ni mzaha.

Kukataa kazi si kosa. Unajua unachokitaka, na miaka mitatu ya kuomba ruhusa ingekutafuna. Nakupongeza kwa hilo, na nitakuja kuitazama hiyo filamu. Ila acha kumsema yule daktari wa televisheni kwa sauti ya huruma. Amesomesha watoto kwa koti lile, na huenda analala vizuri kuliko wewe.

Mama yako naye aliharakisha. Ndivyo tulivyo: mtoto akiitwa kwenye usaili tu, sisi Jumapili tunashukuru kama vile keshastaafu kwa heshima. Lakini yeye alisema alichokiamini. Wewe ulijua ukweli ukaendelea kula sapasui.

Sasa nisikilize. Usimwambie kwenye gari mkitoka ibadani, usimtume kaka yako, wala usianze na mama wadogo, maana habari itafika nyumbani kabla yako. Mwambie Jumamosi, yeye akiwa kitini na wewe chini mkekani. Omba radhi kwanza kwa uongo, ndipo useme umekataa. Atapandisha sauti. Atakuuliza uso wake atauweka wapi. Usijitetee, na usimwahidi kwamba filamu itakuwa kubwa, kwa sababu hujui.

Akishatulia, mpe skripti. Kisamoa chako nakijua bila hata kukusikia, ni kile cha watoto wetu wote waliozaliwa huku, maneno ya jikoni na ya nyimbo za kanisani. Ukisimama mbele ya kamera ukamwambia chifu "njoo ule" kwa neno lile lile unalomwambia mdogo wako, badala ya lile la heshima wanaloambiwa wakubwa, ukoo mzima utaziba nyuso ukumbini, na hiyo ndiyo aibu ya kweli. Mama yako anayo lugha ya heshima yote kichwani. Mwombe akufundishe, na akikukosoa, nyamaza urudie.

Jumapili akitaka kusimama tena, usimvute nguo. Mwache awaambie mwenyewe kwamba nesi hakuna, ila nyumbani kwake kuna mtu mzima anayejifunza, hatimaye, kuzungumza na watu wazima.