Mwanamke Aliyeitwa Kule Bustanini

Guangzhou,
7 Juni 2009

Kwako dada yangu Flavia,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na Derick na mdogo wake, na kwamba baridi ya Tukuyu haijaanza kuwakohoza. Mimi huku mwili hauna neno. Mvua ni za kila siku, kuta zinatoa jasho kama mtu mwenye homa na nguo hazikauki, lakini nakula, natembea, na kazi inakwenda. Baba hajambo? Na mguu wa Mama, uvimbe umepungua? Mwambie ile dawa ya kuchua nimeshampatia, Safia, mwenzangu ninayekaa naye, atakuja nayo pamoja na barua hii.

Barua yako aliyoileta Mwadini nimeipata. Umeniambia umechukua watoto ukarudi kwa Baba, na shemeji Abednego umemwacha peke yake Uyole. Umesema Kasmir, yule mfanyabiashara wa Mbalizi aliyekuja huku kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, amekueleza kwamba shemeji hakukamatwa barabarani kama nilivyokwambia. Alikamatwa kwenye sherehe, bustanini, na alipokuwa anachukuliwa alimwita mwanamke, na yule mwanamke akamkana. Umemuuliza mumeo, amenyamaza. Baba amemuuliza mbele ya wazee, amenyamaza. Sasa unaniuliza mimi niliyekaa naye nyumba moja: mwanamke huyo ni nani?

Nitakujibu, dada. Ila niache nianze mbali kidogo. Si kwamba nataka kukuzungusha. Naogopa nikianza na jibu hutasoma yaliyobaki, na katika hayo yaliyobaki ndimo alimo mumeo.

Unajua viza yake iliisha mwezi wa kwanza, na kuiongeza wakamkatalia. Angeweza kurudi, lakini kiwanda kilikuwa hakijamaliza mzigo wake wa vitenge, na kila akienda, laobani, yaani bosi wa pale, anamwambia wiki ijayo. Akaona asubiri. Tangu mwaka jana wa Olimpiki ukaguzi umekuwa mkali. Pale Huanshi Zhonglu ukivuka barabara unaweza kusimamishwa uulizwe pasipoti, na mtu asiye na viza halali haponi. Kwa hiyo shemeji akawa mtu wa ndani. Mimi na Safia tulilala chumbani, yeye akalala sebuleni katikati ya marobota. Miezi ile yote hakuniletea aibu hata moja. Alipika, alifua, na tuliporudi sokoni tulikuta maji ya kuoga yamechemka.

Wako watoto katika jengo letu, wa Kikongo, wa Kikenya, na wa Kichina wa ghorofa ya chini. Sijui walimjuaje, nadhani ni kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee aliyekuwa nyumbani mchana. Walikuja na kazi za shule, wakaja na magari yaliyovunjika, na siku moja akawatengenezea tiara kwa karatasi za kufungia mizigo na vijiti vya mianzi. Toka siku hiyo mlango haukufungwa. Mildred, yule mama wa Kikenya jirani yetu, alikuwa akisema mwanawe anamtaja Uncle Abed hata usingizini.

Sasa kila mwaka baada ya Pasaka sisi watu wa Afrika Mashariki tuna Jumamosi yetu katika bustani ya Yuexiu. Mwadini ndiye mwenyekiti, na ingawa yeye ni Mwislamu wa Unguja, anaisimamia siku hiyo kama harusi ya mwanawe. Wanakuja wote, watoto wachanga migongoni mpaka wazee wa Kichina wanaofanya mazoezi pale asubuhi. Kuna mbio za magunia, kuvuta kamba kati ya pwani na bara, rede kwa wasichana, pilau ya Safia na chapati za Mildred. Mwaka huu watoto wakaomba mashindano ya tiara, na tiara zote zilitoka mikononi mwa shemeji.

Yeye alisema haendi. Alizifunga vizuri, akampa Mildred, akasema atatuangalia dirishani, na dirisha letu, dada, linatazama ukuta. Mimi ndimi niliyembembeleza. Nilimwambia polisi wote wako Pazhou kwenye maonyesho, kwamba bustani ni ya wazee na watoto, hakuna anayekagua pasipoti mahali watu wanapokimbia ndani ya magunia. Nilimwambia watoto watalia. Ukweli ni kwamba bara tulikuwa hatuna mtu mzito wa kushika mwisho wa kamba, na nilikuwa nimejitapa kwa Safia kwamba mwaka huu tunawashinda. Kwa ajili hiyo tu. Alinitazama kidogo, akavaa viatu.

Na siku ilikuwa nzuri, siwezi kuficha. Misufi ilikuwa inadondosha maua yake mekundu na vibibi vya Kichina vinayaokota kwenda kuyakausha. Mvua ilikuwa imetuhurumia. Shemeji alikimbia na watoto mpaka shati likamganda, tiara zikapanda juu ya miti, na mzee mmoja wa Kichina akaja akamshika mkono akamwonyesha namna ya kulegeza uzi upepo unapokatika. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, walicheka tu. Kamba tulishinda. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu viza ilipoisha.

Polisi waliingia wakati tunapakua chakula. Hawakuja kwa vurugu. Walisimama njiani, wakawa wanaita mmoja mmoja, huzhao, huzhao, na neno hilo hata mtoto anajua ni pasipoti. Watu walianza kutawanyika. Wengine waliacha sahani. Shemeji alikuwa chini ya msufi anatoa tiara iliyonasa, na alipogeuka wamesimama mbele yake.

Mimi nilikuwa hatua chache tu, nimeinamia sufuria, nimejifunga kitambaa kichwani. Kasmir alikuwa upande wa pili wa uwanja, ndiyo maana hakuona sura. Alimsikia shemeji akiita, asishike maneno, akaona mgongo wa mwanamke anayetikisa kichwa.

Dada, mwanamke huyo ni mimi.

Aliniita shemeji. Alisema, "Shemeji, njoo uwaambie nakaa wapi, pasipoti iko nyumbani." Hakuwa anajificha nyuma yangu, alitaka tu wajue ana nyumba na ana watu, wasimchukulie kama mtu wa mitaani. Polisi mmoja akanifuata pamoja na kijana wa kutafsiri. Pasipoti yangu ilikuwa safi. Kijana akaniuliza kama namfahamu yule mtu na kama anaishi kwangu. Ilikuwa inasemwa kwamba anayemlaza mtu asiye na viza naye anafukuzwa, na mimi nikaliona duka langu, nikauona mzigo wangu, nikajiona ndani ya ndege. Haya yote yalipita kichwani kabla kijana hajafunga mdomo. Nikasema simjui. Nikasema tena, sijawahi kumwona.

Yule kijana akarudi kwake akamuuliza mbona mama huyu anasema hakujui. Na shemeji, dada, alinitazama usoni, akasema amenifananisha. Akaomba radhi. Aliniomba radhi mimi, mbele yao, kwamba amenisumbua. Kisha akamkabidhi mtoto wa Mildred tiara aliyokuwa ameishika, akaenda nao.

Nikamalizia kupakua pilau. Sijui kwa nini naliandika hili, lakini nilipakua, na watu waliobaki wakala.

Jioni ndipo nilipokupigia simu nikakwambia amekamatwa Huanshi akienda kufuatilia mzigo. Ulimlaumu, ukasema hasikii, aliambiwa asitoke. Nikaitikia, nikasema ndiyo, hasikii. Walipomtoa mahabusu wamrudishe Tanzania, Safia ndiye aliyempelekea begi uwanja wa ndege wa Baiyun. Mimi nilisema naumwa tumbo.

Nimempigia wiki iliyopita, baada ya kusoma barua yako. Nilimwuliza kwa nini hakusema, wakati neno moja tu lingekurudisha nyumbani. Akasema mke anaweza kumkasirikia mume na siku moja ikaisha, lakini nyinyi wawili mkikosana, wazee wenu watabaki na nani. Akaniuliza kama wale watoto bado wanarusha tiara. Nikamwambia ndiyo. Nilidanganya hapo pia. Wanapita mlangoni kwetu kimyakimya, na mtoto wa Mildred, ambaye aliona na kusikia kila kitu, hanisalimii.

Basi usitafute mwanamke mwingine, hayupo. Mumeo hakutoka nyumbani kwa ukaidi, nilimtoa mimi. Hakumwita hawara, alimwita mdogo wa mke wake, na mdogo wa mke wake akaona duka ni bora kuliko yeye. Mpe Baba barua hii aisome mbele ya wale wale wazee walioitwa kumhoji. Usinifichie. Na ukiweza, kabla hujaniandikia mimi, hata kama ni kwa kunilaani, wachukue watoto urudi Uyole.

Sikuombi unisamehe kwa sasa, maana ningekuwa nakuomba unipunguzie mzigo wakati wako bado umeubeba. Nilitaka tu ujue umelala mbali na mtu wa namna gani.

Nisalimie Baba na Mama kwa heshima, ingawa najua salamu zangu zitapokelewa kwa uzito. Wabusu watoto kwa niaba ya mama yao mdogo. Shemeji simsalimii kupitia kwako, sina uso huo. Mwezi wa nane nitakuja, mniruhusu kuingia au mniache nje, na salamu yake nitampa mwenyewe, kwa jina lake, kwa sauti, mbele yenu wote.

Ni mimi niliyekufuata tumbo moja,
Kissa